Muulize Sista: Semina ya ufukweni haijengi timu ya leba

Mwezi huu sanduku la barua limejaa watu wa hospitali. Wengine wametuma kurasa tatu, mwingine katuma mstari mmoja tu. Nimechagua nne, na kama swali lako halimo usinune, toleo lijalo lipo. Mnajua mi nimestaafu uuguzi ila mdomo haujastaafu, kwahiyo najibu kama ambavyo ningekujibu tukiwa chumba cha chai.

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni inchaji wa leba hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Miezi michache iliyopita tulipoteza mama, alijifungua vizuri tu usiku halafu akaanza kutoka damu nyingi, zamu walikuwepo manesi wawili na daktari mmoja ambaye muda huo alikuwa thieta kwa mama mwingine, damu ya kuongeza ikachelewa, alfajiri akafariki. Asubuhi kwenye kikao mganga mfawidhi akauliza mbele ya watu wote "nani alikuwa zamu?" akawasimamisha wale mabinti kama wanafunzi waliochelewa namba. Tangu hapo mmoja haongei na mtu, mwingine kaandika barua ya uhamisho. Uongozi ukaona tumevunjika moyo ukatuletea mtu wa hamasa, tukapelekwa ufukweni siku nzima, tukavuta kamba, tukaambiwa tuseme "mimi ni shujaa" huku tunajipiga kifua, tukala pilau, tukapewa fulana. Jumatatu tumerudi usiku ni manesi wawili walewale na kitanda kimoja wamelala wazazi wawili. Sasa naambiwa mimi kama inchaji nihakikishe timu inakuwa stahimilivu, bajeti hamna. Nifanyeje, maana na mimi mwenyewe nimechoka.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni, wewe na hao mabinti na familia ya huyo mama.

Pilau mlishakula na fulana vaeni, sina ugomvi nazo, watu wa leba nao wanastahili siku ya kucheka. Ila mtu asikudanganye kwamba timu inajengwa siku moja nje ya wodi. Kuna kisa cha hapahapa nyumbani ambacho natamani kila mganga mfawidhi akijue. Hospitali ya Haydom kule Manyara, vijijini haswa, wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto anayezaliwa hapumui, kumkausha, kumchochea, kumpa hewa kwa ambu, kile kimfuko cha kusukumia hewa, ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo yalikuwa ya siku moja. Wakapimwa kwenye mdoli wakafanya vizuri kweli, halafu watafiti wakaenda kuangalia kule kina mama wanakojifungulia wakakuta kazi inafanyika kama zamani. Yaani semina ilibaki semina. Walichofanya baadae ndo cha kuiga, mdoli ukawekwa palepale leba na watu wakawa wanafanya mazoezi mafupi mafupi, mara kwa mara, wakiwa kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, matokeo yalichapishwa 2015. Mkunga yuleyule, jengo lilelile.

Utasema Sista nimekuuliza habari ya moyo unanijibu habari ya mdoli. Subiri kwanza. Kinachomvunja nesi sio kifo peke yake, manesi tunaviona vifo. Kinachomvunja ni ile hali ya kuita msaada haji mtu, unatafuta ufunguo wa kabati kumbe kaondoka nao mtu wa zamu ya jioni, unashika dripu mikono inatetemeka hujui uanze na nini, na mama anakuangalia machoni. Mtu aliyepita hapo halafu akabaki anajiuliza mwaka mzima "labda ningefanya vile", huyo ndo anayeomba uhamisho. Timu iliyozoea kufanya zoezi ikipoteza mgonjwa inalia kama watu wengine wowote, ila inajua ilifanya nini dakika kwa dakika, na kujua huko kunasaidia sana kurudi zamu kesho yake.

Kwahiyo anza na hili, halihitaji bajeti. Mara moja kwa wiki mnapopokezana zamu, dakika 10 tu, sema "mama wa kitanda cha nne kajifungua, damu inamwagika, haya." Mmoja anakanda mfuko wa uzazi, mmoja anaita kwa sauti, nani anachoma oxytocin ya kukaza mfuko wa uzazi, nani anaweka kanula mbili, nani anakimbilia damu, nani anaandika saa. Wapange waliopo, sio kwa vyeo, hata mhudumu awe na kazi yake. Mkimaliza mnaulizana kitu kimoja kilichokwama, mnakirekebisha siku hiyohiyo, basi, watu waende nyumbani. Zoezi usiligeuze kuwa mhadhara maana wakilichoka hawatakuja tena.

Na kwa hilo la damu hasa, kuna jaribio lililoitwa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yalitoka 2023. Wanatandika shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia damu ili mtu asikadirie kwa macho, na ikifika kiwango cha hatari matibabu yote yanatolewa kwa pamoja badala ya kujaribu moja ukisubiri uone. Kwenye hospitali zilizofuata utaratibu huo kina mama waliofikia balaa lenyewe, kumwaga lita nzima na zaidi, kupasuliwa kwa ajili ya damu au kufa, walikuwa 1.6%, na zile zilizoendelea na mazoea yao 4.3%. Ukiangalia vizuri dawa zenyewe hazikuwa ngeni, kilichobadilika ni watu kufanya kwa pamoja na kwa mpango, kila wodi ikiwa na mtu wa kuusimamia.

Habari ya kabati nayo. Mnakumbuka zile S tano za kupanga vitu kazini, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia? Ilianza pale hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007 na Wajapani, ikasambaa nchi nzima, watu wanaicheka wakidhani ni mambo ya kubandika lebo kwenye madroo kabla wakaguzi hawajafika. Sasa saa tisa usiku ukitafuta oxytocin kwenye droo lenye glavu zisizo na wenza, chaja iliyokufa na kalenda ya mwaka juzi ndo utajua zile S zilikuwa za nini. Toroli moja, vitu vya damu tu, hakuna kufuli, na anayeingia zamu anaikagua kabla hajapokea ripoti.

Turudi kwenye kikao cha asubuhi, maana kwa maoni yangu timu yenu haikuvunjika usiku, ilivunjika asubuhi. Kifo cha mama kina kikao chake, kile cha MPDSR cha kupitia vifo vya kina mama na watoto wachanga, na msingi wake unajulikana, hakuna kutaja majina wala kulaumiana, kinaulizwa nini kilichelewa na kwanini. Kwanini damu haikufika, kwanini daktari alikuwa mmoja. "Nani alikuwa zamu" sio swali la kikao hicho, jibu lake liko kwenye rosta ukutani. Na ukiwaaibisha watu hawaachi kukosea, wanaacha kusema. Mtafiti mmoja wa Harvard, Amy Edmondson, aliangalia wodi za Marekani miaka ya 90 akakuta wodi zenye uongozi mzuri ndo zinaripoti makosa mengi ya dawa, akashangaa, kumbe kule kwingine yapo ila yanafichwa. Mwambie hilo mganga mfawidhi wako, lakini usimwambie kikaoni na wewe ukaanza kumwaibisha yeye. Nenda na matroni, mkute ofisini, mpelekee rosta ya miezi mitatu na idadi ya wazazi waliojifungua kila usiku, aone mwenyewe. Zoezi la dakika 10 halizai nesi wa tatu, na wewe usikubali kusaini popote kwamba timu ikiwa stahimilivu wawili wanatosha.

Hao mabinti sasa. Daktari Albert Wu mwaka 2000 aliandika kwamba baada ya mgonjwa kuna mwathirika wa pili, yule mhudumu aliyekuwepo. Msiwakalishe kwenye duara mkawalazimisha kusimulia usiku ule mbele ya wote, najua kuna watu wa ushauri wanapenda sana hiyo, ila Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kikao cha namna hiyo kwa mtu aliyetoka kupata mshtuko. Linachoelekeza ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, tazama, sikiliza, unganisha. Unakaa nae, unamuuliza anahitaji nini, unanyamaza. Huyu asiyeongea usimpange usiku kwa sasa, mpange asubuhi na mtu mzima anayemwamini. Huyu wa uhamisho mwambie barua yake hujaichana ila unaomba mwezi mmoja, na umwambie kwa maneno kabisa "haikuwa kosa lako peke yako", maana hakuna aliyemwambia. Akiwa halali, hali, kaanza pombe, au anaongea habari za kutaka kufa, hapo imeshatoka mikononi mwa inchaji, apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo, na ikiwezekana hospitali nyingine, nani anataka faili lake lisomwe na watu anaokunywa nao chai.

Na wewe nimekusikia ulivyosema umechoka. Mtafute inchaji mwenzio wa wodi nyingine muwe mnapigiana simu. Nazungumzia mtu wa cheo chako, vijana wako sio watu wa kuwalilia.

SWALI: Sista mi ni mhudumu wa thieta. Kila siku tunaambiwa sisi ni timu moja lakini wakiongea wanaongea juu ya kichwa changu. Mi ndo nafuta damu, nabeba sampuli kwenda maabara, nakimbilia chupa za damu, mgonjwa akifariki mezani mi na mlinzi ndo tunamsukuma mpaka mochwari. Madaktari wakiitwa kuongea na mtu wa saikolojia sisi hatuitwi. Kuna daktari nimefanya nae miaka ananiita "we". Nafanyaje bila kuonekana nina kiherehere?

JIBU: Kiherehere hamna hapo mwanangu, una haki.

Tena silaha unayo ukutani kwako. Ile karatasi ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ilizinduliwa 2008, ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, London, Seattle, Toronto na kwingine, na mojawapo ilikuwa ya kwetu, Ifakara. Vifo kwa jumla vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%. Moja ya vitu vilivyomo, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Imeandikwa kila aliyemo. Wengi wanaruka hapo, wanatiki wakiwa wanavaa glavu, "tunafahamiana bwana". Haya, kama mnafahamiana mbona anaitwa "we"?

Mwendee nesi wa thieta anayesoma hiyo karatasi, sio daktari, nesi, mwambie nawe siku hiyo utajitambulisha, akusomee. Sema jina lako, sema "mhudumu, leo mi ndo naenda benki ya damu". Mara ya kwanza watacheka kidogo, mara ya tatu daktari atakuita kwa jina akitaka damu maana jina lina kasi kuliko "we", wanaitwa "we" watu watatu humo ndani na wote wanageuka. Mtu ambaye jina lake limetajwa ni rahisi zaidi kusema "dokta, gozi moja haijarudi".

Hilo la kutoitwa kwa mtu wa saikolojia, mwambieni katibu wa afya, wewe na walinzi na watu wa mochwari mwende pamoja, msiende mmoja mmoja. Aliyesukuma maiti ya mtoto kaumia sawa na aliyeandika muda wa kifo, na wenye hospitali wakipanga huduma ya hivyo bila nyinyi wajue wamepanga nusu.

SWALI: Hujambo Sista, nakuandikia kutoka Kenya, hospitali moja ya kaunti huku Magharibi. Mimi ni daktari kijana, ule mgomo wa 2024 nilikuwa ndani, siku 56 mpaka tarehe 8 Mei. Kurudi tukapata manasi wenye walibaki kwa wodi hawatuongeleshi, ukiitisha kitu unaambiwa "si ujichukulie". Mmoja aliniambia kwa uso, "mliachia sisi maiti." Bosi anataka tupelekwe tim bilding Naivasha. Mimi siskii kama nilikosea, tulikuwa tunapigania haki. Lakini raundi imekuwa vita kila asubuhi. Tutatokaje hapa?

JIBU: Sijambo mwanangu.

Naivasha mtapanda boti mtaona viboko mtarudi, na Jumanne kwenye raundi utaambiwa ujichukulie tena. Hasira ya watu hao ina sababu na sababu haiko Naivasha.

Hebu rudi nyuma. Mlikuwa mnagombania makubaliano ya 2017, intern, yaani daktari aliye mafunzoni, alitakiwa alipwe zaidi ya shilingi laki mbili kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Sawa, ni haki yenu kukasirika. Ila 2017 hiyohiyo manasi wenu nao waligoma, kuanzia Juni mpaka Novemba, miezi mitano, na madaktari ndo walibaki kwenye wodi bila mtu wa kuchoma sindano. Na kabla ya hapo nyie madaktari mlikuwa nje siku 100, mpaka Machi. Na 2024 maafisa wa kliniki nao walikuwa na mgomo wao. Yaani kila kada hapo kwenu imeshawahi kuachiwa wodi na mwenzake, kila mmoja anakumbuka zamu yake ya kuachwa na hakuna anayekumbuka zamu yake ya kuacha. Hiyo ndo mnayoikanyaga kila asubuhi.

Usiombe msamaha wa mgomo kama unaamini ulikuwa wa haki, msamaha wa uongo manasi wanaunusa mbali. Lakini asante unaweza kusema na haikupunguzii kitu. Mfuate huyo aliyekwambia habari ya maiti, asiwepo mtu mwingine, muulize ilikuwaje, ni wagonjwa gani, halafu sikiliza mpaka amalize, usimjibu kwa mambo ya serikali. Atakutajia majina ya vitanda. Ukimaliza hapo, raundi ya kesho mwache nasi aanze yeye kutoa habari ya mgonjwa kabla wewe hujafungua faili, na iwe hivyo kila siku. Anajua usiku umeendaje, wewe ulikuwa umelala.

Bosi wako kama ana hela ya Naivasha mwombe afanye kitu kingine nayo. Boston kuna mwanasheria alikuwa anaitwa Kenneth Schwartz, alifariki 1995 kwa saratani ya mapafu, na kwa jina lake kukaanzishwa mikutano ambayo watu wa hospitali wa kada zote wanakaa kama saa moja, kuna chakula, watu wachache wanasimulia mgonjwa aliyewagusa, hawajadili alitibiwaje, wanajadili wao walijisikiaje. Sasa hivi mikutano hiyo inafanyika sana Marekani na Uingereza. Haifanani na kile kikao cha lazima nilichomkataza dada wa leba hapo juu, hapa anaongea anayetaka na hakuna anayemgeukia mtu. Mkifanya, wa kwanza kusimulia awe nasi aliyebaki, na daktari wa kusimulia awe mmoja aliyekuwa nje, aseme ilikuwaje yeye kusimama na bango mkononi akasikia mgonjwa wake kafariki. Chakula kiwe cha maana, sio soda na biskuti.

Ila usije ukakubali mkutano wa hisia utumike kuzima madai ya mishahara. Hayo yana meza yake na chama chenu.

SWALI: Sista, mimi ni matroni. Nina nesi alikuwa malaika, sasa anawafokea wagonjwa, juzi kamwambia mama mwenye uchungu maneno mabaya. Ni uchovu au ni tabia?

JIBU: Matroni mwenzangu, umesema alikuwa malaika, basi nusu ya jibu unayo. Shirika la Afya Duniani 2019 lilieleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu, mtu kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake au kuidharau, na kujiona hafanyi chochote cha maana. Hiyo ya katikati ndo inatoka kama ufokaji. Wa tabia hakuwahi kuwa malaika.

Lakini mama mwenye uchungu hajali kama ni uchovu, yeye katukanwa, kwahiyo mwite nesi wako leo, peke yake, mwambie lile neno halikubaliki na utakuwa unafuatilia, na wewe mwenyewe nenda kamwombe radhi yule mama kama bado yupo wodini. Ukimaliza ndo umuulize anaendeleaje nyumbani. Usichanganye, ukianza na pole atadhani umemruhusu.

Halafu fungua rosta uhesabu usiku wake wa miezi miwili iliyopita, mi nina wasiwasi utakuta ni yeye anayejaziwa kila pengo kwasababu alikuwa hakatai. Likizo yake ya mwaka jana kama anaidai mpe mwezi huu, usimwambie asubiri mpaka waajiriwa wapya waripoti.